Maji ya Yusrah, Maji ya Kambare

Alhamisi, 12 Machi

Mzee Nikolaus amenipa daftari hili pamoja na matangi. Kasema niandike kila siku joto la maji, nimewalisha nini, nani amekufa. Nilimfanyia kazi za ndani kule Kilosa miaka mitatu kabla Yusrah hajazaliwa, na huko ndiko nilikojifunza kuwatunza hawa kambare wa mapambo. Sasa macho yake yamechoka, hayaoni tena mayai kwenye kioo. Kanipa matangi mawili, pampu moja ya hewa na kambare wakubwa sita: majike wawili, madume wanne. Wamefika hapa Mikumi wakiwa kwenye ndoo mapajani mwangu, Yusrah mgongoni.

Naandika na jambo jingine, nisije nikajidanganya baadaye. Mama kanipigia kutoka Malolo. Anataka mwezi wa sita, msimu wa miwa ukifunguliwa Ruhembe, nirudi kwenye genge la vibarua, na Yusrah akae kwake. Mtoto ana mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake yuko Geita, na simu yake hupatikana anapotaka yeye. Nikamwambia Mama anipe masika haya. Kakubali, masika haya tu.

Morogoro kuna dada anaitwa Loveth, ana duka la samaki wa mapambo. Atakuja mwishoni mwa Juni. Akikuta vifaranga wazima wa miezi mitatu atawachukua wote, na atakuwa anachukua kwangu kila mara. Wakipatikana, Yusrah anabaki na mimi. Wasipopatikana, anaenda Malolo. Ndiyo hivyo.

Ijumaa, 13 Machi

Nyuzi 28. Wamekula unga wa dagaa.

Jumapili, 15 Machi

Nyuzi 28. Wingu limekuja, likapita.

Mama Ditram wa chumba cha pili amekuja kuwaona. Ni mtu mzima, rika la mama yangu, na ndiye mhudumu wa afya wa kitongoji chetu. Anapita nyumba kwa nyumba na begi lake, anagawa vidonge vya kutibu maji na kuchungulia vyoo vya watu. Kainama mbele ya kioo muda mrefu. Kauliza wakikua watafika wapi. Nikamwambia hawa wamekwisha kukua.

"Kambare wa kidole gumba," kasema. "Mwanangu, hata paka atakuuliza wengine wako wapi."

Nikacheka. Ila akaongeza kwamba nyumba yenye mtoto mdogo haifai kuweka maji yaliyosimama. Hapo sikucheka.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua! Imeanza saa nane mchana, ya mawe kabisa. Nimempigia Mzee, shikamoo haijaisha kuitikiwa ameshaanza kuuliza nimekinga maji au bado. Kambare hawa asili yao ni mito ya mbali, mvua ya baridi ikishuka ndipo wanajua wakati wa kuzaa umefika. Kwa hiyo nitoe theluthi ya maji ya tangi, nijaze ya mvua. Nimefanya. Joto limeshuka hadi 23. Wameanza kukimbizana.

Ijumaa, 20 Machi

Idi, na wamezaa. Nilikuwa nachambua mchele wa pilau nikaona jike mkubwa anapanda kioo. Anashika mayai manne matano kati ya mapezi ya tumboni, kama mtu aliyebeba karanga kwenye pindo la kanga. Anasafisha kioo kwa mdomo, anayabandika, anashuka kuchukua mengine. Madume nyuma yake kama wapambe. Nimekaa nikitazama mpaka Yusrah akaja kunivuta sikio.

Wasipotenganishwa watayala mayai yao wenyewe. Nimeyabandua kwa ncha ya kidole, moja moja, nikayahamishia tangi la pili lenye jani kavu la mti wa mkungu ili yasiote ukungu. Mia moja na kumi na mawili. Pilau limeungua chini. Nimempelekea Mama Ditram la juu.

Jumanne, 24 Machi

Mayai kumi na tisa yamekuwa meupe, nimeyatoa. Yaliyobaki yametotolewa. Kifaranga ni kama alama ya mkato yenye macho.

Alhamisi, 2 Aprili

Wako themanini na wanne. Wanakula vijinyoo ninavyofuga kwenye kopo la uji mzito. Uji ninaopika ni mmoja: kijiko cha Yusrah, kijiko cha vijinyoo. Nimelala vipande vipande.

Jumapili, 5 Aprili

Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa kumi jioni. Pampu haina betri. Nimechota maji ya tangi kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu ili yaingize hewa, saa sita nzima, Yusrah akidhani ni mchezo. Hawajafa. Mkono haushiki kalamu vizuri.

Jumatatu, 6 Aprili

Wazima.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua siku ya tano. Kilosa mto Mkondoa umejaa, ila kwa Mzee Nikolaus maji hayakufika. Imetangazwa kwamba upande wa huko kuna kipindupindu. Bomba letu linatoa maji ya rangi ya chai ya maziwa.

Nimeweka utaratibu. Nina ndoo mbili za mafuta ya kula, lita ishirini, nyeupe zote. Yenye mfuniko mwekundu ni ya Yusrah: maji ya bomba yaliyochujwa, na kidonge. Yenye mfuniko wa bluu ni ya kambare: maji ya mvua kutoka batini, bila kidonge kabisa. Mzee kanisisitizia mara tatu kwamba dawa ile inaunguza matamvua yao. Maji ya mmoja ni sumu ya mwingine. Kwa hiyo nyekundu Yusrah, bluu kambare.

Jumamosi, 18 Aprili

Wameota masharubu. Wanalala chini wamepangana kama watoto wa shule mstarini.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimejibizana na Mama Ditram. Anataka kila chombo cha maji nyumbani kiwe na dawa, ndiyo maagizo aliyopewa. Nikamweleza habari ya ndoo ya bluu. Akasema kipindupindu hakisomi rangi. Nikamwambia kwa adabu kwamba chumba hiki kodi nalipa mimi. Kaondoka bila kuaga. Tangu samaki wafike amekuwa kama mwenye kitu moyoni.

Jumatano, 29 Aprili

Mafua makali. Yusrah anaota jino, halali. 84.

Ijumaa, 1 Mei

Naandika kwa kifupi, kichwa kinagonga. Pua imeziba kabisa, nakunywa chai ya tangawizi tu. Asubuhi nimejaza ndoo zote mbili, ya Yusrah nikaitia kidonge. Mchana Mama Ditram kaja kukagua na begi lake. Kafungua zote mbili, kaingiza pua. "Hii haina dawa." Nikamwambia ni ya samaki. "Na mtoto anajua kwamba ni ya samaki?" Akasema basi iko siku ataitia mwenyewe, lawama atabeba. Nikaenda kumchukua Yusrah aliyeanguka uani. Niliporudi, Mama Ditram alikuwa anafunga begi.

Kaondoka. Nikaosha vyombo, sufuria na mifuniko iliyokuwa na matope, nikaanika. Jioni nimerudisha kila kitu ndani, Yusrah analia mgongoni.

Jumamosi, 2 Mei

Wamekufa.

Saa moja asubuhi nimebadilisha maji ya vifaranga, theluthi, kutoka ndoo ya bluu, kama nilivyofanya kila Jumamosi. Nilitaka niendelee na tangi la wakubwa ila Yusrah akataka kunyonya, nikakaa kitandani. Nilipoinuka walikuwa juu, wote, wanahema, wanageuka ubavu. Nikachota maji ya tangi la wakubwa nikayamimina kwao, nikahamisha pampu, nikachota kwa kikombe tena. Mikono ilifanya kazi, kichwa kilijua. Saa nne walikuwa wamelala chini, matamvua mekundu kama yamepakwa rangi. Themanini na wanne.

Nimempigia Mzee. Akauliza kama nimetia dawa. Nikasema sijatia. Akaniambia nionje maji ya ile ndoo. Nimeonja kwa ncha ya ulimi. Pua haifanyi kazi ila ulimi unafanya. Ni dawa.

Wakubwa sita ni wazima, kwa sababu tu mtoto alilia.

Nimekaa sakafuni. Yusrah kaja na kijiko chake, kanilisha hewa.

Jumapili, 3 Mei

Nimekwenda kwake. Nimesimama mlangoni, sikumwamkia. Nikamwambia, "Mama Ditram, ulisema utatia na umetia." Akaniuliza nimetia nini. Nikamwambia asinifanye mtoto. Majirani wametoka. Akawa anasema tu, taratibu, kwamba hakutia, kwamba aliinusa na kuifunika. Nikaona utulivu wake ule ndio uongo wenyewe.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ndoo ya bluu nimeiacha na maji yake vilevile, ni ushahidi. Mwenyekiti kaja, kaonja, kakunja uso. Mama nimempigia, nikamweleza yote. Akasema mtu kama huyo akimaliza samaki atafuata mtoto.

Jumatatu, 4 Mei

Mama Ditram kasimamishwa kugawa vidonge. Kampa mwenyekiti begi mbele za watu. Sikufurahi kama nilivyodhani.

Jumanne, 5 Mei

Yusrah anaharisha. Mara nne tangu alfajiri.

Jumatano, 6 Mei

Kituo cha afya. Nimeandika hapa kwa sababu bila kuandika nitapiga kelele.

Jana jioni macho yalizama. Ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama. Nimemfunga mgongoni nikaja kwa miguu, yeye mwepesi kama nguo. Wamemtundikia dripu, mkono wake umefungwa kwenye kipande cha boksi. Wamesema siyo kipindupindu, ni kuhara kwa maji machafu. Nesi, dada mdogo kuliko mimi, kauliza mtoto anakunywa maji gani. Nikamjibu kwa haraka na kwa kujivuna kidogo, kwamba mimi natibu maji, nina ndoo yake peke yake. Kaandika.

Mama Ditram kaja na uji kwenye chupa. Nimegeukia ukutani. Kauweka chini ya kitanda, kaondoka. Mtoto kaunywa.

Alhamisi, 7 Mei

Mchana wameniambia nikalete nguo safi, nesi atamwangalia. Nimefika nyumbani nina kiu, na chai hakuna. Nikafunua ndoo ya mfuniko mwekundu, nikachota, nikanywa kikombe kizima. Mafua yameniisha tangu jana. Nikasikia ladha ya bati. Bati na majani. Haikuwa na dawa hata chembe.

Nikafunua ya bluu. Harufu ya dawa ikanipanda mpaka machoni.

Nimekaa kando ya ndoo. Ijumaa ile niliosha mifuniko. Niliirudisha jioni, Yusrah analia mgongoni, ndoo nyeupe mbili zinazofanana. Niliweka mwekundu juu ya maji ya samaki na bluu juu ya maji ya mtoto wangu. Hakuna aliyetia kitu. Nimewaua vifaranga kwa maji ya Yusrah, na siku nne nimemnywesha Yusrah maji ya batini yenye kinyesi cha ndege, huku nikiilinda ile ndoo nyingine kama ushahidi.

Nguo nimechukua. Nimerudi.

Ijumaa, 8 Mei

Ametolewa dripu. Ameomba kunyonya. Sijasema.

Jumapili, 10 Mei

Tumerudi nyumbani. Mama Ditram alikuwa uani anafua. Sijasema.

Jumanne, 12 Mei

Ndoo zote mbili nimezimwaga. Nimeandika kwa rangi kwenye ubavu wa ndoo yenyewe, si kwenye mfuniko: YUSRAH. KAMBARE. Sijasema. Nikisema, Mama atamchukua mtoto, na atakuwa na haki. Mtu anayemnywesha mwanawe maji ya samaki siku nne atamwambia nani kwamba anaweza kulea?

Jumatano, 13 Mei

Wakubwa wamekula. Nyuzi 25. Ditram, mwana wa jirani anayefanya kazi Masanze, amekuja kumwona mama yake. Ukuta wetu ni mwembamba. Alimuuliza kwa nini asijitetee. Akamjibu kwamba huyu binti amefiwa na samaki, karibu afiwe na mtoto, mwache.

Alhamisi, 14 Mei

Sijalala.

Ijumaa, 15 Mei

Mama amefika kutoka Malolo na gunia la vitunguu. Kampakata Yusrah, kambonyeza mbavu. Usiku huu kanielekezea mgongo kitandani, mtoto upande wake.

Jumamosi, 16 Mei

Mama kaamka na safari yake. Alitaka twende kwa mwenyekiti, kwamba huyo mwanamke asiishie kunyang'anywa begi, apelekwe mpaka kata. Nikasema tupumzike kwanza. Akasema yeye hakuja kupumzika. Tukaenda. Mama Ditram kaitwa, kaja na kitenge chake cha kanisani, kakaa pembeni kwenye benchi la barazani, kama mtu anayesubiri kupimwa uzito.

Mama kaongea. Anajua kuongea. Kasema habari za mtoto aliyebebwa kama nguo, kasema wivu wa majirani, kasema dawa. Mwenyekiti alikuwa anaitikia kwa kichwa. Mama Ditram alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Nikasema, "Mama, subiri. Ni mimi."

Hawakuelewa. Nikaanza upya: mifuniko, matope, kuanika, jioni, ndoo zinazofanana. Nikasema Mama Ditram hakutia kitu. Nikasema nimelijua hilo tangu Alhamisi ya wiki iliyopita na nimenyamaza, kwa sababu niliogopa kunyang'anywa mtoto.

Mwenyekiti kavua kofia, kaivaa tena. Mama hakunitazama. Mama Ditram ndiye aliyeuliza, "Tangu Alhamisi?" Nikaitikia. Kahesabu kwa vidole.

"Siku tisa," kasema. "Nyumba zangu thelathini na moja hazijapata vidonge, na siku tisa ulikuwa unajua."

Nikapiga magoti pale barazani nikamwomba radhi. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Kachukua begi lake mezani, kaangalia ndani, kaanza kuhesabu vidonge.

Nyumbani Mama kafungua kanga kitandani, kaanza kupanga nguo za Yusrah. Mbili mbili, kama anavyopanga vitunguu vya kuuza. Nikasimama mlangoni.

"Heshima yako iko palepale, Mama. Ila Yusrah haondoki."

"Ulinyamaza kwa ajili ya kubaki naye, umesema sasa umpoteze. Si ndivyo?"

"Nimesema kwa sababu ni kweli. Mtoto ni habari nyingine."

"Na siku ukichoka tena?"

"Nitachoka. Kesho tu nitachoka. Nitafanya kazi hali nimechoka, kama wewe ulivyofanya."

Kafunga fundo la kanga. Ndipo nikasikia hodi, na Mama Ditram kaingia bila kungoja karibu, begi begani. Kaenda moja kwa moja kwenye ndoo, kasoma nilichoandika ubavuni. Kafunua ya kwanza, kanusa. Kafunua ya pili, kanusa. Kageuka kwa Mama.

"Huyu mwanao mimi sijamsamehe, dada yangu. Nisikudanganye. Lakini mtoto usimchukue. Nitapita hapa kila asubuhi kunusa ndoo zake, apende asipende."

Mama kakaa kitandani kando ya furushi. Kauliza kama kuna chai.

Jumapili, 17 Mei

Mama ameondoka na basi la asubuhi, peke yake. Hakufungua furushi, ameliacha kitandani limefungwa vilevile. Akaniambia fundo la kanga likifunguliwa hufungwa tena, nijue hivyo. Nimelifungua alipopotea barabarani. Nguo nimezirudisha mahali pake.

Jumatano, 20 Mei

Mama Ditram kanusa. Kaenda zake.

Jumapili, 24 Mei

Mvua nyepesi, labda ya mwisho. Nimeingiza maji ya mvua kwa wakubwa, nimeonja kwanza. 24. Mchana jike mdogo kapanda kioo, yule ambaye hajawahi kuzaa. Mayai sitini na saba.

Nimempigia Loveth, nikamwambia ukweli wote, kwamba Juni hatakuta kifaranga wa kuuza. Amesema atakuja Agosti. Asipokuta kitu, atatafuta mtu mwingine na asilaumiwe. Nikamwambia sitamlaumu.

Alhamisi, 28 Mei

Hamsini na wawili wametotolewa.

Jumatatu, 1 Juni

Bonifas, yule anayekusanya vibarua wa Ruhembe, amesimamisha gari nje ya uzio saa kumi na mbili asubuhi. Wanawake nyuma wamejifunga vitambaa vichwani, wawili nawajua. Alikuwa na karatasi, jina langu liko, Mama alilipeleka tangu Februari. Akaniuliza kama niko tayari. Nikamwambia alifute, aandike mwingine. Akasema nikilifuta leo nisimfuate mwezi wa saba. Nikamwambia nimemsikia, afute.

Kafuta. Nimesimama kwenye uzio mpaka gari limekata kona. Vifaranga hamsini na wawili, wadogo kuliko punje ya mtama, na Agosti iko mbali.

Nimerudi ndani. Yusrah ameamka, kakaa kitandani na nywele zimesimama, kanyoosha mkono kwenye kikombe. Nimechota. Nikanusa, nikaonja, nikangoja kidogo, ndipo nikampa.